Barua ya wazi: kabla ya kuiteketeza bunduki, ulizeni ilikotoka

Kwa Wakuu wa Mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe. Makamanda wa Polisi wa mikoa hiyo. Msajili wa Silaha. Na Makumbusho ya Taifa

Waheshimiwa viongozi,

Kamwene.

Nawaandikia kuhusu bunduki ambazo wananchi wa Nyanda za Juu Kusini huzipeleka kituoni kila Serikali inapotangaza msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari. Umoja wa Afrika uliitenga Septemba kuwa mwezi wa msamaha huo, na kuanzia 2022 nasi tumelisikia tangazo lake redioni na kwenye mikutano ya vijiji: mwenye silaha isiyo na kibali aipeleke polisi au kwa viongozi wa serikali ya mtaa, hatashtakiwa. Nauunga mkono msamaha huu kwa moyo wote. Similiki bunduki, na ningefurahi kuona gobore la mwisho la Pawaga likishushwa darini leo hii.

Kinachonisumbua ni kwamba tunapokea chuma na kuiacha habari yake iende zake. Mzee anafika na kitu kilichofungwa kwenye gunia, anakikabidhi, anashukuriwa, anaondoka. Silaha yake inawekwa ghalani kusubiri kuteketezwa pamoja na bastola za majambazi. Hakuna aliyemuuliza ilikuwa ya nani, ilifikaje nyumbani kwake, na miaka yote hiyo ilikuwa inalinda nini. Ninachoomba ni hicho tu: aulizwe, kwa heshima, bila jina lake kuandikwa, na atakachosema kitunzwe.

Ombi lenyewe linaweza kuonekana dogo. Nivumilieni nieleze uzito wake katika nchi hii yetu ya milima.

Bunduki zilifika Uhehe na Usangu kwa kufuata pembe. Misafara ya kutoka Bagamoyo na Kilwa ilikuja kutafuta pembe za ndovu na, jambo la kuumiza, ikatafuta pia watu. Ikalipa kwa nguo, shanga, baruti na magumegume. Katika karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha silaha zao kila baada ya muda, na zile zilizopitwa na wakati zikashushwa Zanzibar kwa maelfu. Watawala wa huku, akina Merere wa Usangu na Munyigumba wa Uhehe, walijua kwamba asiye na njia ya kupata baruti atakuwa mateka wa aliye nayo. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels yakakubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli kwamba bunduki ziliitumikia biashara hiyo. Lakini mwaka uliofuata kikosi cha Mjerumani kilipanda kuja Uhehe kikiwa kimebeba silaha za aina ile ile ambayo Mhehe alikatazwa kununua. Historia ya udhibiti wa silaha kwetu ilianza hivyo: anayezuia ndiye anayevamia.

Kilichotokea Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 kila mtoto wa Iringa amesimuliwa. Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, alikuwa na askari zaidi ya mia tatu, bunduki za kisasa na mizinga. Wahehe walikuwa wamejificha vichakani, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao. Vita vilikwisha kwa muda mfupi sana. Zelewski aliuawa, kikosi chake kikasambaratika, na Wahehe wakaondoka na bunduki zipatazo 300, mizinga na risasi. Ningependa viongozi wangu muikumbuke hesabu hiyo. Tangu siku ile, kwa macho ya utawala, Uhehe ukawa nchi yenye bunduki zilizofichwa.

Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilivunjwa kwa mizinga ya Gavana von Schele. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akaingia porini, na kwa karibu miaka minne Wajerumani wakamsaka. Tom von Prince alipoweka kituo kipya hapa Iringa mwaka 1896, aliyetaka amani na boma alitakiwa ajisalimishe na silaha zake. Mpangile, ndugu yake Mkwawa, ambaye simulizi nyingi humtaja kuwa ndiye aliyeongoza mashambulizi ya Lugalo, alijisalimisha. Desemba 1896 Wajerumani wakamtawaza awe mtawala chini yao. Februari 1897 wakamuua, wakisema anamsaidia ndugu yake kwa siri. Aliyekuja kwa amani hakufika hata miezi mitatu. Mkwawa mwenyewe, ambaye kichwa chake kiliwekewa zawadi ya rupia 5,000, alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asishikwe. Fuvu lake lilichukuliwa na Wajerumani, likatajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles mwaka 1919, na halikurudi Kalenga hadi tarehe 19 Juni 1954, lilipoletwa na Gavana Twining.

Simulizi hizi naziweka mbele yenu kwa sababu ndizo zinazoishi ndani ya familia. Mkuu wa kituo anapotangaza “leteni silaha, mtasamehewa”, kijana wa Dodoma au wa Dar es Salaam anasikia tangazo la kawaida la Serikali. Mzee wa Kalenga anasikia sentensi ambayo babu yake aliwahi kuisikia, na anakumbuka alivyofanywa Mpangile. Hofu ile haina chuki na Serikali ya leo ndani yake. Imerithiwa tu, na kitu kilichorithiwa hakitoki kwa kutishwa.

Miaka ya Majimaji ikaongeza lake. Septemba 1905 Wabena walishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe wakiamini maji ya Kinjeketile yatazigeuza risasi kuwa maji. Walirudishwa nyuma kwa bunduki. Wahehe wengi walipigana upande wa Mjerumani katika vita hivyo, na hilo nalo tulizungumze wazi, kwa sababu kuna nyumba za Ubena na Ungoni ambako bado linauma. Baada ya hapo ilikuja njaa iliyotengenezwa na moto wa mashamba na maghala, na njaa hiyo iliua watu wengi kuliko risasi.

Kisha vikaja vita vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Julai 1916 jeshi la Mwingereza chini ya Jenerali Northey, lililotoka Nyasaland, lilipigana na Wajerumani Malangali, na mwishoni mwa mwaka ule kukawa na mapigano Lupembe na kikosi cha Kijerumani kujisalimisha Ilembula. Askari walikufa, wapagazi walikufa kwa wingi zaidi, na silaha zilidondoka njiani. Kwa hiyo, waheshimiwa, bunduki yenye kutu inayotolewa shambani Mufindi au Njombe leo yaweza kuwa Mauser ya mtindo wa 1871, ile ambayo askari Waafrika wa Mjerumani waliibeba huku ikiwafichua kwa moshi wake mzito. Askari polisi mwenye miaka ishirini na mitano hawezi kulaumiwa kwa kutoitambua. Lakini ikiyeyushwa hairudi.

Na bado nusu ya habari sijaigusa, kwa sababu bunduki zinazotoka vijijini mwetu kwa kawaida si Mauser. Ni magobore.

Gobore limedharauliwa sana. Kwenye taarifa za polisi linatajwa kama uchafu: “silaha moja ya kienyeji aina ya gobore”. Mimi nimefundisha historia kwa muda mrefu na naona ndani yake uhunzi wa mababu. Wakinga walijulikana kwa majembe yao kabla Mzungu hajafika. Wapangwa walikuwa wakiyeyusha chuma katika nchi ile ile ambayo leo tunasubiri mgodi wa chuma wa Liganga. Utawala ulipokuja na majembe ya dukani, mhunzi alipoteza soko la jembe na mkuki. Mikono ilibaki na ujuzi wake. Wapo waliogeukia kutengeneza bawaba za milango, wapo waliotengeneza visu, na wapo waliotengeneza mitutu. Silaha hizo zimeua watu, zimeua tembo, na mara nyingine zimemlipukia mwenyewe usoni. Sizipambi. Ila ni kazi ya mikono ya watu wetu chini ya sheria iliyowafungia njia nyingine, na hatuna maandishi ya kutosha juu ya walioifanya.

Sheria za Mwingereza ziliongeza ngazi. Raifo ilikuwa ya Mzungu, mlowezi wa Mufindi au mwindaji wa kulipia. Mwafrika aliyepata kibali kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, kwa kawaida aliishia kwenye gobore na kipimo kidogo cha baruti. Wakati huohuo Watanganyika wapatao 87,000 walichukuliwa kwenda kupigana Vita vya Pili vya Dunia, wengine hadi Burma, na nyanda hizi zilitoa vijana wengi. Fikirini mtu aliyekabidhiwa raifo ya mfalme akailinda nayo India, akirudi kwake anaambiwa hawezi kuaminiwa nayo dhidi ya nguruwe pori.

Gharama ya ngazi hiyo ilionekana Njombe. Kuanzia miaka ya 1930 hadi 1947 simba wala watu waliisumbua wilaya ile, na idadi inayotajwa mara nyingi, ingawa inabishaniwa, ni watu 1,500. Watu waliacha kutaja hata neno simba, wakaamini wanyama wale wametumwa. Idara ya Wanyamapori ilimleta George Rushby, Bwana Nyama mzoefu, na simba wakaanza kuuawa, wengi wao mwaka 1947. Kazi yake ilikuwa njema na naiheshimu. Lakini swali la miaka ile ya kabla hajafika linabaki: kijiji kilikuwa na nini mkononi? Mikuki, moto, na bunduki chache mno zilizokuwa na kibali. Katika nyumba za Wanging'ombe na Njombe hadithi ya simba na hadithi ya gobore lililofichwa ni hadithi moja. Na miaka hii ya karibuni simba wamefika tena hadi vijiji vya Wanging'ombe, wakaua mifugo, na watoto wakasindikizwa kwenda shule.

Baada ya Uhuru siasa ya bunduki ilibadilika. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitaka wananchi wenyewe wafunzwe ulinzi, na mgambo wa vijijini akashika silaha ambayo baba yake hakuruhusiwa kuigusa. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na nadhani hatujaliandika ipasavyo. Mwaka huohuo, siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na kuuawa Isimani na mkulima Said Mwamwindi, katikati ya mvutano wa mashamba ya mahindi na vijiji vya ujamaa. Mwamwindi aliupakia mwili garini akaupeleka polisi mwenyewe. Alihukumiwa, akanyongwa. Mji wetu una Chuo cha Ualimu kilichopewa jina la marehemu Klerruu, na ni haki yake. Isimani ina kimya kirefu. Wapo wanaomfanya muuaji kuwa shujaa, na mimi nakataa: alimuua mtumishi wa umma aliyekuja bila silaha. Lakini nakataa pia tabia ya kutolizungumza, kwa sababu siku ile ndiyo iliyofanya kila bunduki ya mkulima wa Iringa ionekane kama tishio kwa ofisi.

Bunduki ya Serikali nayo ina kumbukumbu hapa. Tarehe 2 Septemba 2012, Nyololo, wilayani Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kutoka karibu mno, akiwa amezingirwa na polisi. Mwaka 2016 mahakama ilimfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Nalitaja bila kutaka kuchokonoa kidonda. Mtu anayeombwa kusalimisha bunduki hutazama pia mkono unaoipokea.

Kuna vijana wetu wanaofuatilia mijadala ya Marekani na kuanza kusema kwamba kuwa na bunduki ni haki ya kila raia. Wenzetu wale wana Katiba iliyoliingiza jambo hilo mwaka 1791, na leo utafiti wa kimataifa unakadiria kwamba raia wao wana bunduki takriban 120 kwa kila watu 100. Kwetu haifiki 1 kwa watu 100. Katiba yetu haina haki hiyo, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 imeweka wazi kwamba umiliki ni kwa kibali, baada ya kuchunguzwa kuanzia ngazi ya mtaa au kijiji. Nakubaliana na sheria hiyo. Sitaki Chunya yenye dhahabu iwe mahali ambapo kila mnunuzi ana bastola kiunoni na kila mchimbaji anatafuta ya kwake. Ninachosema ni kwamba historia ya Marekani haitatusaidia kuelewa gobore la Idodi, na ile ya kwetu ingetusaidia, kama ingekuwa imeandikwa.

Nije Idodi basi, kwa sababu huko ndiko habari ya leo ilipo.

Vijiji vya Idodi na Pawaga vimepakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Vilikuwa miongoni mwa vya kwanza nchini kujaribu kuhifadhi wanyama kwa ubia na wananchi, kupitia MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Mkulima wa huko analima mpunga na mahindi mahali ambapo usiku mmoja wa tembo unaweza kumaliza jasho la msimu. Tunajua kwa nini tembo wanalindwa. Kwa hesabu za Serikali yenyewe, nchi yetu ilikuwa na tembo karibu 109,000 mwaka 2009 na karibu 43,000 mwaka 2014. Ruaha iliumia sana katika miaka hiyo. Tunajua pia jinsi ulinzi ulivyokosewa: Operesheni Tokomeza ya 2013, ya kusaka majangili, iliwatesa raia kiasi kwamba Desemba ya mwaka huohuo mawaziri wanne waliondoka madarakani. Watu wa vijiji vya pembezoni walilipa mara mbili, kwa jangili aliyetumia njia zao na kwa askari aliyemtafuta jangili ndani ya nyumba zao.

Aliyelizwa na tembo leo anaambiwa apige debe, awashe moto wa kinyesi na pilipili, azungushie kamba iliyopakwa oili chafu, ampigie simu ofisa wanyamapori, kisha asubiri kifuta jasho. Wengi wanafanya yote hayo. Ofisa ana gari moja kwa eneo kubwa, mafuta ni ya kuomba, na tembo hawasubiri. Mtu akifiwa anapewa kifuta machozi ambacho kanuni za 2011 zilikiweka shilingi milioni 1. Ndani ya hali hiyo, mtu mmoja kati ya kadhaa anaweka gobore darini. Si lazima awe ameua mnyama. Mara nyingi analipiga hewani kufukuza nyani, na linampa usingizi.

Baba yangu mkubwa alikuwa na gobore la namna hiyo, la baba yake. Katika msamaha mmojawapo alilipeleka. Walilipokea vizuri, hawakumtukana, na nawashukuru. Lakini hakupewa karatasi yoyote. Kwa muda mrefu baada ya siku ile kila pikipiki iliyosimama nje ilimwinua kitini, akidhani wamekuja kumuuliza la pili liko wapi. Jirani zake walimwona alivyo, na najua angalau nyumba moja iliyoghairi kupeleka la kwao. Aliponisimulia habari ya lile gobore ilimchukua jioni nzima: fundi aliyelitengeneza alitoka upande wa Makete, akizunguka vijijini kukarabati majembe, alilipwa kwa mbuzi, lilifukuza nguruwe pori kwenye bonde lile lile kila mwaka wa mahindi hadi mto ulipohama, lilipigwa mara tatu kwenye msiba wa babu. Kila kipande cha habari hiyo kingemfaa mtu fulani serikalini. Bonde lenye nguruwe lingemfaa ofisa wanyamapori. Njia ya mafundi ingemfaa mtafiti, na hata polisi anayetaka kujua silaha za kienyeji husambaaje. Desturi ya kupiga mizinga msibani ingewafaa watu wa makumbusho. Baba mkubwa ameshatangulia mbele ya haki, na kituo alichokwenda kina chuma tu, kama bado kipo.

Kwa hiyo naomba Septemba ijayo iendeshwe kwa namna tofauti kidogo.

Pawepo meza ya pili, kando ya ile ya polisi, ikiwezekana nje ya uzio wa kituo: ofisi ya kata, zahanati, hata baraza la kanisa au msikiti. Akae hapo mtu asiyevaa sare, anayejua lugha ya mahali, Kihehe, Kibena, Kikinga, Kisangu, Kinyakyusa au Kisafwa, maana wazee wengine hawasemi mambo ya ndani kwa Kiswahili cha ofisini. Amuulize aliyeleta silaha yale niliyoyataja. Asiandike jina wala nyumba, kijiji kinatosha. Apige picha ya silaha, siyo ya mtu.

Aliyesalimisha apewe stakabadhi yenye mhuri, inayosema silaha imepokelewa ndani ya msamaha na hatashtakiwa wala kufuatwa kwa ajili yake. Hili silisisitizi kwa sababu ya urasimu. Karatasi hiyo ndiyo itakayooneshwa kwa jirani, na jirani ndiye atakayeshusha la kwake. Mwaka 2016, wakati wa uhakiki wa silaha nchi nzima, wamiliki wa halali walirudi na karatasi zao zikiwa sawa. Mwenye gobore anahitaji ushahidi huo kuliko wao.

Kabla ya kuteketeza, mtu wa makumbusho apitie ghala. Zile chache zenye thamani ya kihistoria zilemazwe kabisa, mtutu uzibwe na kifyatulio kiondolewe mbele ya polisi, kisha zihifadhiwe. Tunazo sehemu za kuziweka. Boma la Mjerumani hapa Iringa limekuwa makumbusho tangu 2016. Kalenga wana chumba chenye fuvu la Mtwa Mkwawa. Songea wana Makumbusho ya Majimaji. Mtoto wa shule akienda huko anaona mikuki na ngao za mashujaa. Haoni gobore la mkulima wa 1955, na hivyo anafundishwa kwamba historia iliishia kwa machifu. Zilizobaki zote ziteketezwe, hadharani, na wananchi waalikwe.

Mwisho, majibu ya swali la “ilikuwa inalinda nini” yasikae kabatini. Yapelekwe Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), Hifadhi za Taifa (TANAPA) na halmashauri kabla ya msimu wa mvua, yakiwa yamepangwa kwa vijiji. Kijiji kilichotoa magobore mengi kwa ajili ya tembo kipewe kipaumbele cha askari wa wanyamapori wa kijiji waliofunzwa, wenye silaha za kisheria na mafuta ya pikipiki. Ukichukua gobore la mtu na kumwachia tembo, umemfundisha kutafuta gobore jingine, na safari hii atalificha mbali zaidi.

Najua polisi watakuwa na wasiwasi. Wataniuliza: jambazi aliyeua kwa silaha ile akija kuisalimisha, tusimuulize jina? Msamaha wenu tayari unasema hatashtakiwa kwa kuimiliki, na haufuti mauaji. Uchunguzi wa mauaji uendelee kwa njia zake na kwa meza yenu wenyewe. Meza ninayoiomba isichanganywe nao, kwa sababu siku moja tu ambayo mzee atakamatwa kwa alichosema pale, hakuna atakayekuja tena, Iringa yote hadi Kyela. Na kuhusu gharama: hii ni meza, daftari, na simu yenye kamera.

Wapo walimu wastaafu wenzangu Kalenga, Njombe na Makete ambao wamenihakikishia kwamba watakaa kwenye meza hizo bila kudai posho, na mimi nitakaa ya Idodi. Tunachohitaji kutoka kwenu ni barua inayoruhusu, mtu wa makumbusho wa kutufundisha namna ya kuandika na kupiga picha, na ahadi ya maandishi, yenye saini ya Kamanda wa Polisi wa mkoa, kwamba kitakachoandikwa kwenye madaftari hayo hakitatumika mahakamani dhidi ya aliyekisema. Barua hiyo ikitoka kabla ya Agosti tutakuwa na muda wa kupita vijijini na kuisoma mbele za watu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa historia, Iringa